Mche wa Haragwe, Aberystwyth

Kabla wanafunzi hawajaingia nimeshakata arobaini.
Wembe mpya, karoti iliyopasuliwa kuushika mzizi,
tone la maji, tone la rangi nyekundu,
na mvua ya Februari inagonga dirisha la maabara
kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

Shaibu aliniuliza kwa simu:
huko Welisi unafanya kazi gani hasa?
Nakata mizizi, nikamwambia.
Ala! Kumbe umekuwa mganga.
Akacheka mpaka salio likamwishia.

Lakini ungeiona, kaka.
Mzizi wa haragwe, hauzidi utambi kwa unene,
chini ya hadubini una nyota katikati,
nyekundu, ya ncha nne,
na floemu imejibanza makwapani mwake.
Nyota hiyo ni zailemu. Ni mabomba.
Ni seli zilizokufa: hufa kwanza
ndipo maji yapate kupita.
Nililisoma hilo nimesimama,
nikavuta kiti, nikalisoma tena.

Shina la muhindi lina mambo yake.
Humo vifungu vimetapakaa ovyo
kama punje zilizomwagika sakafuni,
na kila kimoja kina sura: macho mawili, mdomo wazi,
kinashangaa nani amewasha taa.

Saa nne Gwenllian, penseli menoni, akauliza:
mzizini kuna nyota, shinani kuna duara.
Katikati hapo nyota huenda wapi?
Bwana Pryce alikuwa nje, kwenye simu.
Nikajibu mimi, niliyeajiriwa kuosha vioo.

Nilichukua mche mwingine, nikaukata shingoni,
pale mzizi unapokoma kuwa mzizi
na shina halijajiita shina.
Vipande thelathini na kimoja; viwili nikaviharibu.
Tukavipanga mezani kwa zamu yao.

Angalia: ncha inapasuka.
Nusu zake zinaachana, zinajipindua,
kidogo hapa, kidogo kipande kinachofuata,
mpaka kisogo kimekuwa uso.
Kilichotangulia kuzaliwa, mzizini hukaa nje,
shinani hukaa ndani kabisa.
Na katika kugeuka kote huko
maji hayakatiki hata tone.

Gwenllian hakusema kitu. Alichora, akafuta,
akachora tena mpaka karatasi ikatoboka.
Mimi niliinama juu ya kipande cha kumi na saba,
kile ambacho hakijaamua,
chai yangu ikapoa.

Usiku nikampigia Shaibu.
Unakumbuka kile kitanda cha kamba,
tulivyolala mzungu wa nne,
kichwa changu kwako mguuni, chako kwangu?
Nakumbuka, akasema. Kwa nini?
Nikatafuta neno la kuanzia:
mche, shingo, nyota inayojipindua.
Basi tu, nikasema. Leo nimeiona.

Akanyamaza kidogo.
Miguu yako, akasema, ndiyo iliyokuwa ikinuka.