Kabla ya Ukurasa wa Kumi

Alhamisi, maktaba ya Tartu, theluji imefika vizingitini.
Leida, muuguzi mstaafu, anarudisha riwaya kabla ya ukurasa wa kumi:
"Mimi, mimi, mimi! Miaka thelathini wagonjwa wamenimwagia mimi zao.
Nipe kitabu cha *yule*, nimtazame kwa mbali, na chai yangu."

Ülo hutaka *mimi* tu. Anaishi peke yake.
Msimulizi wa mbali, asema, ni kama mpangaji wa ghorofa ya juu:
nyayo unazisikia, hodi habishi asilani.

Kazi yangu ni mihuri. Sichagui upande.

Leo tukafika kwenye sura ya barua kutoka jeshini.
Leida akavua miwani.

"Paliondokea mwanamke," akasema, "mtaa wa Tähe.
Alisikia hodi. Alikuwa akimenya viazi.
Alijua, akaendelea kumenya,
akamenya hata vya kesho.
Kisha nikafungua."

Lile *ni* lilidondoka mezani kama kijiko.
Ülo akasogeza sahani ya biskuti.
Hakuna aliyeuliza.

Alipoondoka alikichukua kile kitabu cha *mimi*,
akakificha ndani ya koti kama mwizi,
nami sikukumbuka kukipiga muhuri.