Wino Umekwisha

Umeniletea karatasi kumi na moja, Singano,
unataka nakala moja tu, chapuchapu,
basi la Dar linaondoka saa nane
na watu wa kampuni wamesema ufike umeshasaini.

Mimi natoa nakala, Barabara ya Kumi na Mbili.
Kioo, mwanga, shilingi mia kwa ukurasa.
Hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa, talaka,
vyote vimelala kifudifudi kwenye kioo hiki
na sikuwahi kuvipekua.
Lakini mashine yangu huchelewa kupata moto,
na macho, mwanangu, hayana pazia.

Nimesoma.

"Dunia nzima na milele." Milele umeiona wapi wewe?
Mwenye nyumba wako Makorora anakupa miezi sita
na bado mnagombana kwa bili ya maji.
"Kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa."
Yaani hata chombo ambacho hakijazaliwa
kimeshamilikishwa koo lako.

Zile milioni tano za mwanzo ulidhani zawadi?
Shuka kifungu cha tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
studio, video, mavazi, chakula cha wacheza shoo,
hata ile hoteli waliyokulaza ukawashukuru,
vinakatwa kwanza, tena kwenye fungu lako,
si kwenye lao.
Kisha asilimia kumi na tano ya kinachobaki.
Waulize kinabaki lini.
Waulize daftari anashika nani,
na wewe utalifunua siku gani.

Babu yangu alitia dole gumba shamba la mkonge, upande wa Muheza.
Siku thelathini kwenye kipande.
Alidhani siku ni siku.
Kumbe aliyougua haihesabiwi,
ya mvua haihesabiwi,
mafungu yakipungua mawili, kutwa nzima inafutwa.
Thelathini zake zilikula miezi miwili
na mwisho akawa anadaiwa na duka la shamba
unga na blanketi.
Hakujua kusoma. Huo ndio ulikuwa udhuru wake kwa wanawe.
Wewe una kidato cha nne.

Na kaka yangu Mhina, gitaa la pili,
sikutaka kumtaja.
Akiwa kwa kinyozi, wimbo wake ukipigwa redioni,
alikuwa akiomba wapunguze sauti.
Alikuwa anadaiwa nyuzi.
Kampuni ilimpigia simu mara moja tu:
kumkataza kuupiga kwenye harusi ya mdogo wetu.

Sikwambii usisaini. Mimi nani?
Najua chumba chako, kompyuta ya mkopo,
godoro limeegeshwa ukutani lizuie mwangwi,
nyimbo sita umezirekodi ukingoja majirani walale,
halafu mtu anashuka kwenye gari lenye kiyoyozi
anakuita msanii.
Mimi nakuita mteja. Najua halinogi.

Lakini rekodi mama zisiondoke bila tarehe ya kurudi.
Na jina! Singano ni jina la babu yako,
kifungu cha kumi na nne kinasema ni lao
hata miaka saba baada ya mkataba kufa.
Yupo wakili juu ya duka la baiskeli,
Bi Shekiondo, elfu thelathini anakusomea yote,
bei ya hivyo viatu ulivyovaa,
navyo si vipya.

Unatazama saa.
Unasema, mama, fanya hima.

Nimelaza ukurasa wa saba, nimeshusha kifuniko,
taa ya kijani inanikonyeza, tayari,
na ninausikia mdomo wangu,
ambao haujamdanganya mteja hata wa picha ya pasipoti:

Wino umekwisha, baba.
Fundi anakuja kesho.