Sabule ya Toleo la Kale

Kompyuta mpya ilishuka Lamu ndani ya boksi la biskuti,
imeviringwa leso ya mke wa daktari Nasoro,
na punda aliyeibeba kutoka gatini
ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu wa kwanza asubuhi ile:
ufizi mweupe, masikio yamelala.

Mashine ya kupimia damu ina miaka kumi na sita.
Programu yake ilizaliwa nayo,
na aliyeiandika hatumjui aliko.
Tukaiita kwenye Linux mpya. Ikajibu mstari mmoja:
maktaba niijuayo siioni hapa.

Maktaba, lakini si ya vitabu.
Ni rafu ya kazi zilizokwisha kufanywa;
programu huazima hapo, isianze moja.
Na rafu mpya ina majina yale yale,
sura nyingine.

Lali Famau ana mikono myepesi.
Hufungua redio ya mtu akaifunga, skrubu isibaki.
"Dakika mbili," akasema.
Akaing'oa maktaba ya msingi ya kompyuta iliyokufa,
akaibandika juu ya ile mpya
kwa nywila ya mkuu wa mfumo,
akabonyeza.

Amri ya kuorodhesha faili: hapana.
Amri ya kunakili: hapana.
Hata amri ya kuzima iliegemea rafu ileile
tuliyoikata nasi tumeikalia.
Lali akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Siku mbili tukahesabu chembe kwa hadubini,
mimi nikitaja, Nasoro akipiga vistari
nyuma ya kalenda ya duka la simenti.

Usiku wa pili nilikuwa kwa shangazi Mwanakhamisi, Mkomani,
napandisha chai ya mgeni aliyetoka Siyu.
Mgeni halali ndani.
Ana ngazi yake, kutoka daka hadi sabule,
ana choo chake, mtungi wake,
na kidirisha kimoja cha kuutazama mui.
Chakula chetu ndicho chake,
ila hapiti msanani, wala hajui funguo zilipo.
Na hakuna aliyewahi kusema kafukuzwa.

Nikaisahau trei ngazini.
Shangazi alilosema juu ya chai ile siliandiki.

Asubuhi nikausimika mfumo upya, msafi, sikuugusa tena.
Nikafungua folda moja, pembeni,
nikajenga humo mfumo mdogo wa zamani:
rafu yake, majina yake, kuta zake,
programu ikitazama juu, chini, isione nyumba nyingine.
Maktaba nilizichukua kwa wenyewe waliozitunga,
si kwenye flashi iliyozunguka Langoni nzima.
Herufi sitini na nne za uthibitisho:
Nasoro anasoma karatasini, mimi nafuata kwenye skrini.
Ya arubaini na moja tukabishana, b au d.
Tukaanza upya.

Mtandao sikuupeleka sabuleni.
Toleo la kale lina nyufa, na wezi wanazijua kwa majina.
Nywila ya mkuu sikuipeleka.
Nilitoboa kidirisha kimoja tu,
upana wa waya wa mashine.

Kisha nikaiita.

Ikakohoa. Ikauliza tarehe,
ikadhani ni mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano.
Nikaisahihisha, kwa adabu.
Tone la damu likaingia, feni ikavuma,
namba zikateremka kwa mwandiko ule wa zamani, kijani:
himoglobini, sita nukta nane.

"Minyoo," akasema Nasoro, tayari anatafuta bomba la sindano.

Nikabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati:
folda iko wapi, huitwaje, hufutwaje,
na chini, kwa wino mwekundu, *usiihamishie ndani*.
Lali akaisoma mara mbili, hakusema kitu.
Akatoka uani.
Nilipomfuata nikamkuta amechuchumaa,
anamlisha punda lile boksi la biskuti,
kipande kwa kipande,
akichomoa kwanza pini za chuma.