Shingo Mbili

Jeli ya baridi. Feni ya Temeke inalalama.
Daktari Ndelwa anatelezesha kifaa tumboni,
anarudi palepale, anarudi tena,
kimya chake kirefu kuliko foleni ya nje.

"Mapacha," anasema. Nacheka.
Yeye hacheki.
"Vichwa viwili, Bi Siwema. Mioyo nayo naona miwili.
Ila hapa, kifuani hadi kitovuni,
sioni mpaka."

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo, mwaka wa kumi na moja.
Mshono naujua hata kwa kupapasa.
Najua pia kitambaa kilichofumwa kizima,
ukitafuta pa kufumua, hupaoni.

Mama mkwe keshatoa majina: Kulwa na Doto.
Kulwa hutangulia, Doto hufuata.
Hawa, nani atampisha nani?

Jumatatu, Muhimbili. Barua ina muhuri,
imelala chini ya godoro; sijamwambia mtu.
Umeme umekatika.
Nakanyaga cherehani kwa mshumaa,
mabaki ya oda ya jana, rangi ya njano:
mikono minne,
shingo mbili,
kifua kimoja, nakiacha kipana,
maana mmoja wao, saa hii,
kanipiga teke
na sijui ni yupi.