Pindo

Ofisi yetu iko Wete, juu ya duka la rangi:
chumba kimoja, feni moja, na meza
ambayo zamani ilikuwa mlango.
Hapa tunatengeneza kitu cha kutengenezea vitu.
Mtu asiyejua msimbo hata herufi
achukue kipande, akisogeze kwa kidole, akiweke,
achukue na cha pili, na jioni awe na programu yake.
Ndivyo nilivyowaambia wenye fedha.
Mimi ndiye mkuu wa usanifu. Cheo kirefu;
kazi yenyewe ni kubishana juu ya kitufe.

Wiki nzima tulibishana juu ya kitufe cha kuhifadhi.
Kilikuwa na picha ya disketi.
Nassra, aliyezaliwa disketi zimeshazikwa,
alidhani ni friji.
Faki akachora kabati, likafanana na jeneza.
Akachora sanduku, likafanana na kabati.
Usiku nikamkumbuka mama dukani, akinunua mafuta ya taa:
vidole viwili, fundo, noti iliyokunjwa mara nne.
Asubuhi nikachora mwenyewe pindo la kanga,
ncha imefungwa. Mistari sita tu.
Tukanyamaza, kunyamaza kwa watu walioshiba.

Ijumaa tukaenda Mtambwe kulijaribu.
Bi Mize Shaame, mweka hazina
wa upatu wa wanawake arubaini,
alitupokea barazani, ukili mkononi,
akasuka kidogo, akagusa simu kidogo,
na mimi, kama ninavyowafunza wenzangu,
nikafunga mdomo. Mtu akikwama usimwonyeshe.
Kukwama kwake ndiko kunakosema.

Hakukwama. Alisogeza majina, akapanga zamu,
akaweka tarehe, akaweka kiasi.
Kisha akafika kwenye pindo. Kidole kikasita
juu ya kioo, hakikushuka.
Nikahesabu kumi, nikahesabu ishirini. Jogoo akapita.
Nassra akataka kusema, nikamkanyaga.

"Hili fundo," akasema, "mmeliweka la nini?"
"La kuhifadhi, bibi."
Akacheka mpaka ukili ukamponyoka.
"Nani kakwambia fundo la kuhifadhi?
Cha kuhifadhi nakitia kabatini, mume wangu akione.
Fundo la kuficha."
Kisha, kicheko kimekwisha:
"Haya, nikibonyeza hapa, nani ataona?"

Miezi kumi na minne ya vikao,
buluu kumi na moja za kuchagua,
na swali hilo hakuna aliyeliuliza.
Maana jibu lilikuwa sisi.
Sisi tungeona. Mimi, Faki, wenye fedha,
na yeyote mwenye ufunguo wa chumba chenye feni moja.
Nikamwambia kweli. Akanirudishia simu
kwa adabu, kama anayerudisha sahani ya jirani
bila ya kutia kitu ndani.

Kikaoni wakauliza kwa nini nachelewesha uzinduzi.
Nikasema, kwa ajili ya fundo.
Wakauliza, ni asilimia ngapi ya watumiaji?
Nikasema, ni Bi Mize.
Mmoja akazima kamera yake. Sikujua kama ni hasira
au umeme.

Tulimaliza Mfunguo Sita.
Sasa pindo lina maana yake: ukilifunga, limefungwa,
hata sisi hatuna kucha za kulifungulia.
Chini yake maneno mawili aliyoyachagua Nassra:
*Wenyewe tu.*
Kuhifadhi kumebaki na kabati.
Bado linafanana na jeneza. Watu wamelizoea.

Jana, kwenye orodha, programu mpya kutoka Mtambwe.
Watumiaji arubaini. Jina, hakuna.
Nimejaribu mara tatu, haifunguki.
Katika kazi zangu zote sina nzuri kuliko hii,
na sijaiona.
Nikamwita Faki, aache alichokuwa akichora,
naye aje alitazame lile giza.