Zamu ya Punda

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli:
meza, taa ya kuchaji, kahawa chungu,
na ramani ya nchi isiyokuwepo
niliyoichora mgongoni mwa kalenda ya mwaka juzi.

Mimi ndiye msimulizi. Kanuni ni zangu,
ziko kwenye daftari la hesabu:
Mkuki wa aliyepanda huongezwa mbili.
Farasi na mpandaji, zamu yao ni moja.
Farasi akianguka, mpandaji arushe dadu:
kumi kwenda juu, katua kwa miguu.
Kuruka toka farasi hadi farasi, pungufu ya nane,
msamba umepasuka, wahenga walishasema.

Ngamia wetu wamebaki kwenye jina tu.
Farasi, hakuna kati yetu aliyemgusa.
Hesabu ya kuanguka niliipata
siku breki za Foniksi yangu ziliponikana;
goti hili ndilo lililoandika kanuni ya tatu.

Jumamosi ile Sekiete akaja na mjomba wake,
Kaoneka, muuza maji kwa mkokoteni,
mvua imemfungia njia.
Tukampa askari, mkuki, farasi mweusi,
na dadu la pande ishirini
alilolichonga Mwanjaa kwa mti wa mninga.
Adui ng'ambo ya mto.
"Mbio, mjomba! Chukua mbili za mkuki!"

Akaligeuzageuza dadu kama anayekagua jino.
"Huyu farasi amekunywa saa ngapi?"
Nikapekua daftari.
Hamna ukurasa wa kunywa.
"Kwato je? Huo mto una mawe?"
Nikamwambia: huenda utakako wewe,
zamu yenu ni moja.
"Basi huyu si mnyama.
Ni kiti kinachokimbia."

Bwitu akaangua kicheko:
shukrani ya punda ni mateke!
"Nani alimpa cha kushukuru?"

Mvua ikatusaidia kunyamaza.

Tukampa farasi dadu lake.
Kaoneka akalirusha kwa mkono wa kushoto,
ule wa hatamu, si ule wa mkuki.
Moja.
Farasi akasimama ukingoni, masikio nyuma,
akainamisha shingo majini,
na vita vyote, shoka la Mwanjaa,
mishale ya Bwitu, majeshi yangu thelathini,
vikalazimika kumsubiri anywe.

Sekiete na Bwitu walikufa usiku ule.
Sekiete ana kinyongo hadi leo.

Saa tatu mvua ikakatika.
Nilisimama mlangoni, kalamu mkononi,
kanuni ya pili nimeshaikata
na chini yake sijui niandike nini,
nikamwona Kaoneka akimfungua punda wake
kwenye nguzo ya umeme,
akimwambia neno moja shingoni,
kisha akingoja.

Akingoja.

Ilikuwa zamu ya punda.