Kilo Mia Mbili na Hamsini

Limekutwa chini ya maegesho ya duka la vitanda,
kilo mia mbili na hamsini, kutu tupu,
kiwashio bado kizima.
Asubuhi gari la polisi limepita na kipaza sauti:
mita mia tano kila upande, tokeni,
chukueni dawa na vitambulisho, fungeni gesi.
Nimeacha dengu jikoni, nusu zimeiva.

Basi tupo hapa, ukumbi wa michezo wa shule,
watu elfu mbili na mbwa wao,
chini ya nyavu za mpira wa kikapu.
Kwangu si mara ya kwanza kuhamishwa na kitu hiki.
Mara ya kwanza nilikuwa na miaka minne,
nacho kilikuwa bado kinashuka.

Nakumbuka kidogo, na kidogo hicho sikiamini:
blanketi lililoloweshwa, kisogo cha mama,
lami imelainika kama uji, ikanivua kiatu kimoja.
Irmtraud alikuwa mkono wa pili wa mama.
Tulipofika mtoni mkono ule ulikuwa mtupu,
na mama aliendelea kuukunja vilevile, kama umeshika kitu,
hadi alipofariki, mwaka wa themanini na moja.

Nilipokua nilikwenda maktaba, nikasoma.
Kiwanda cha viwashio vya mizinga kilikuwa ng'ambo ya reli,
kilomita nne. Hakikuguswa.
Jumatatu kilifungua milango.
Duara la ramani yao lilizunguka mitaa ya kati,
kwa kuwa huko nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana,
na mtu fulani, mwenye kalamu na kikombe cha chai,
alikuwa amekokotoa jinsi mbao zinavyoambukizana moto.
Ari, waliandika. Kuvunja ari ya wafanyakazi.
Ari ya Irmtraud ilikuwa sungura wa kitambaa mwenye jicho moja.

Lakini sitasema nusu.
Shangazi Hedwig alinipasulia, siku moja amelewa,
kwamba redio ilipotangaza Coventry
baba alipiga makofi, akafungua chupa.
Kwa Rotterdam pia. Kwa Warsaw pia.
Mkuki kwa nguruwe.
Usiku mwingine nauliza kama makofi yale
yalipanda juu, yakangoja, yakaturudia.
Halafu najikemea: hapana, Roswitha,
hiyo ndiyo hesabu ya waliotuma ndege.
Usiwafanyie kazi yao.

Kiti cha pembeni amekaa Bwana Nawras, fundi wa lifti,
mtu wa Aleppo. Ananimiminia kahawa yenye iliki.
Kwetu ilikuwa foleni ya mkate, anasema.
Ndege ilikuja mara mbili;
ya pili ilikuwa kwa ajili ya waliokuja kuokota.
Walidai kulikuwa na nini? namuuliza.
Kila mara kuna kitu, anajibu.
Chini ya kila mkate kuna kitu.
Tunacheka, kicheko kibaya.

Kijana wa nyuma yetu amesikia:
Bibi, bila mabomu yale vita vingeisha lini?
Na waliokuwa makambini, wangengoja mpaka lini?
Ana haki ya kuuliza.
Swali hilo limekaa kwangu miaka themanini,
mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.
Sijui, mwanangu.
Ila anayesema *ilibidi*
na aliseme taratibu, amevua kofia,
na kwanza anitajie majina.

Saa kumi na dakika ishirini picha inafika kwenye simu:
mtegua mabomu, jasho puani,
ameinua kiwashio, kidogo kama kibiriti cha uzi.
Ukumbi mzima unapiga makofi.
Mikono yangu imebaki mapajani.
Ya Bwana Nawras pia.

Tunavaa makoti.
Namuuliza kama anakula dengu.